Ukumbi Ndio Mwalimu: Maneno kwa Watu wa Usiku wa Tanga

(Hotuba iliyotolewa Ngamiani, Tanga, mbele ya wenye baa na kumbi, wahudumu, madijei, mabaunsa na madereva wa bodaboda. Imeandikwa kutoka kwenye rekodi na kupunguzwa kidogo.)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na wale mliofunga kaunta alfajiri na bado mmekuja, poleni na kazi.

Mwenyekiti wa mtaa, mama zangu, kaka na dada zangu mnaofanya kazi wakati wenzenu tumelala, nashukuru kwa kunialika. Barua iliniomba nizungumzie maadili ya usiku. Nimekuja, ila mada nimeibadilisha njiani, mwenyekiti utanisamehe. Yakitajwa maadili kwenye kikao kama hiki kila mtu anajua kitakachofuata: wasichana watasemwa nguo zao, vijana watasemwa pombe zao, na sisi wazee tutarudi nyumbani tukiwa safi kama kanzu ya Idi. Sikuvaa viatu kwa ajili ya hilo.

Nilichokuja kusema ni hiki. Mtu akivuka mlango wa ukumbi wako, haipiti nusu saa ameshajua humo ndani ruksa ni nini na mwiko ni nini. Hakuna aliyemwambia. Amesoma taa, amesikia ukubwa wa muziki, ameona mhudumu anavyoitwa, ameona nani kamshika nani na waliokaa jirani wamefanya nini. Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini baa fulani kila mwisho wa mwezi chupa zinavunjika na baa ya pili yake watu wanakunywa wanakwenda zao, ilhali bia ni ile ile na wateja ni wale wale wanaohama hama, mimi sitaanza na wateja. Nitaanza na ukumbi.

Haya nimeyaona kutoka wapi? Kabla ya kuwa ofisa maendeleo ya jamii nilipiga kinanda kwenye kikundi cha taarab, hapa hapa mjini. Mpiga kinanda hana nafasi ya kucheza, lakini kiti chake ni kizuri kuliko vyote kwa sababu anawaona watu kwa mbele. Anayecheza anamwona mwenzake. Anayekunywa anaiona meza yake. Wewe uliyeko jukwaani unamwona mume wa fulani anaingia mlangoni, na unamwona fulani mwenyewe anahama meza.

Tuanze na pombe tuimalize, maana ndiyo kisingizio cha wote. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Craig MacAndrew na Robert Edgerton, walichapa kazi yao baada ya kukusanya habari za unywaji kutoka jamii nyingi za dunia. Waliuliza hivi: kama pombe ndiyo inayomvua mtu adabu, mbona haiwavui watu wote kwa namna moja? Kuna jamii walevi wake hupigana. Kuna jamii walevi wake huimba wakalala. Kuna na zile ambazo zamani walevi walikuwa watulivu, baadaye wakabadilika wakawa wagomvi, na chupa haikuwa imebadilisha chochote ndani yake. Wakahitimisha kwamba miguu kuyumba na ulimi kuwa mzito ni kazi ya pombe, hapo hakuna ubishi. Lakini kumtusi mama wa mtu, kumshika dada asiyekujua, kuinua kiti, hayo mtu ameyaona kwa wenzake, akajua mlevi akiyafanya husamehewa.

Mabaunsa mliokaa pale nyuma mnacheka, maana mnalijua. Yule kijana anayelia kwamba hakujua alichokuwa anafanya, amepiga watu watatu, lakini wewe mwenye kifua hicho hakukugusa. Kachagua wa kumpiga. Na mwenzake siku ile, kalewa chakari, anapepesuka hadi getini, mara kamwona baba mkwe wake anapita na baiskeli. Kanyooka kama mlingoti: “Shikamoo baba.” Pombe gani hiyo inayomtambua baba mkwe?

Sasa sisi wa Tanga tuna bahati moja. Mji huu umezoea kukaa na wageni usiku tangu zamani sana. Mkonge ulifika pwani hii mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, reli ikaanza kujengwa mwaka huo huo kutoka hapa, ikafika Moshi 1911, na mashamba yakawaita watu kutoka kila upande: Unyamwezi, Kigoma, Msumbiji, Rwanda, Burundi. Manamba. Mchana walikuwa na mnyapara wa kuwaamrisha. Usiku hawakuwa na mtu, ikabidi wajipange wenyewe, na ngoma ndizo zilizowapanga. Beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890, ilienea huku na vyama vyake vya Marini na Arinoti, sare zake na vyeo vyake vya kijeshi, na watu waliokuwa na hasira zao wakashindana kwa gwaride na kwa kulisha wageni. Dansi nayo ikaja. Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, na kule mashambani Amboni Jazz. Wazee mliopo hapa naona mmeanza kutabasamu, lakini leo sitawapigia.

Nitakaa kidogo kwenye taarab, kwa sababu ndipo nilipokaa mimi, na kwa sababu nadhani Tanga tulikuwa na elimu hapo ambayo tunaipoteza.

Taarab ya zamani ya Unguja, ya kina Nadi Ikhwan Safaa walioanza mwaka 1905, ilikuwa ya kukaa na kusikiliza. Fidla nyingi, kanuni ile ya nyuzi, shairi refu, msikilizaji ametulia kwenye kiti. Vikundi vya Tanga, Young Novelty, kisha Black Star na Lucky Star, viliingiza gitaa na besi, wakakaza mwendo, wimbo ukakaribia dansi. Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016, alikuwa sauti iliyotangaza mtindo huo nchi nzima. Watu wakasimama. Na mtu akishasimama, anaweza kuelekea mahali.

Kuelekea wapi? Kwenda kutunza, kumpelekea mwimbaji noti. Kelly Askew, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti hapa Tanga miaka ya 1990 na kushiriki kwenye vikundi vyetu, ameeleza vizuri jinsi kutunza kulivyo mazungumzo kamili. Sisi tuliokuwa jukwaani tulikuwa tunayasoma kama barua.

Chukua mama mmoja amekaa safu ya tatu. Wimbo umeanza muda mrefu, katulia, anakula karanga. Beti ya kwanza imepita, ya pili imepita. Inafika ile inayomsema jirani mwenye kijicho, mama anaweka karanga chini. Anasimama taratibu, anaifunga khanga yake upya kiunoni ili maandishi yaonekane, “Hasidi hana sababu,” na noti iko juu kati ya vidole viwili. Haendi kwa mwimbaji moja kwa moja. Anazunguka. Anapita kwenye meza ile anayoitaka, bila kumwangalia mwenyewe usoni, anaichezea noti pale sekunde mbili tatu, ndipo anakwenda kuitoa. Shoga zake wanamfuata mmoja mmoja. Mwimbaji, akiwa anaijua kazi yake, anairudia beti. Na mimi kwenye kinanda namwangalia yule wa kule mezani, nasubiri na yeye atasimama beti gani.

Atasimama, hakosi. Beti inayofuata inasema habari za subira, au za anayejidhania ndiye kumbe siye, naye anakuja na noti yake. Ugomvi mzima umesemwa, majibu yametolewa, mashahidi mia wameona, na hakuna aliyetukanwa. Ukimuuliza mama wa kwanza, atakuapia alikuwa anaupenda wimbo tu. Na kikundi kimepata hela ya mafuta ya jenereta, ambalo si jambo dogo.

Sisemi ilikuwa pepo. Baadaye mipasho ilipopamba moto, hasa miaka ya 1990, maneno yalivuliwa nguo, na kumbi nyingine zilishuhudia wigi likiruka. Lakini angalieni ile ya kwanza ilihitaji nini ili ifanye kazi. Ilihitaji taa, ili noti ionekane na macho yaonekane. Ilihitaji maneno ya wimbo yasikike. Ilihitaji njia pana kati ya meza, mtu apite bila kumkanyaga mtu. Na ilihitaji wimbo usikatwe katikati na dijei anayetaka kuonyesha ana nyimbo nyingi. Ukiviondoa hivyo vinne, mama yule bado ana hasira yake. Ataipeleka wapi?

Baraza za kahawa nazipitia haraka, ingawa kuna watu wakisikia maisha ya usiku wanafikiria baa peke yake na wanawasahau nusu ya wanaume wa mji huu. Pale barazani nako ni usiku wa manane, kuna ubishi wa timu zetu, Coastal Union na African Sports, hadi mishipa inasimama, na ngumi ni nadra mno. Angalieni wanavyokaa: benchi limegeukiana, taa ya barabarani juu, kikombe ni kidogo kiasi kwamba kila dakika kadhaa lazima unyamaze umngoje muuza kahawa akumiminie. Na mgeni akifika anasalimia wote ndipo anakaa. Basi.

Turudi kwenye baa. Nataka tuangalie meza moja, tena chupa moja juu ya meza hiyo.

Dada mhudumu anakuja, anauliza ya moto au ya baridi, anaileta imefungwa, anaifungua mbele ya mteja. Kwa nini mbele yake? Ili mteja ajue haikuchezewa. Chupa tupu zinabaki mezani hadi bili ilipwe, na meza nzima inaweza kuhesabu. Kila mtu anazijua taratibu hizi, na kazi yake ni moja: kumpa mtu sababu ya kumwamini mtu asiyemjua. Mhudumu mzuri anazifuata hata mteja akiwa swahiba wake. Mhudumu aliyechoka anaanza kuleta zilizofunguliwa kaunta, anazoa tupu mapema, na hapo ndipo saa sita usiku unasikia, “Mimi nimekunywa sita, hizi nane zimetoka wapi?” Ugomvi wa bili unaanza saa mbili usiku, unasikika saa sita.

Halafu kuna ofa. Bia inakuja mezani kwa dada aliyekaa na shoga yake, hakuiagiza. Mhudumu anaelekeza kidole: imetoka kwa yule kaka mwenye kofia. Kaka anainua chupa yake kidogo. Sasa yule dada afanye nini? Akikataa, kajivuna. Akikubali, kaka ameshaanza kuhesabu, tena hahesabu bia, anahesabu ahadi ambayo dada hakuitoa. Hapo ndipo meseji za kutukanana zinapoanzia, na huko nje kwenye bodaboda ndiko zinakomalizikia. Na mhudumu ndiye mshenga bila kujijua.

Kuna baa moja hapa mjini, siitaji kwa sababu mwenyewe hapendi kusifiwa, wahudumu wake wamefundishwa kitu kidogo sana. Ofa hailetwi mezani. Mhudumu anakuja kwanza mikono mitupu, anainama, anauliza kwa sauti ya chini, “Dada, kuna mtu anataka kukuagizia, nilete?” Akisema hapana, mhudumu anarudi kwa kaka na kumwambia, “Anashukuru, ameshatosheka.” Haijulikani meza ya tatu wala ya nne. Kaka hakuaibika, dada hakufungwa. Hasara ya mwenye baa ni bia moja. Faida yake ni kwamba wanawake wanarudi, na nyinyi wenye biashara mnajua wanawake wakirudi nani mwingine anarudi.

Na tuna silaha zetu wenyewe ambazo tunazitumia bila kuzifikiria. Mwanamume akifika mezani na mwenzi wake anasema, “Jamani, huyu shemeji yenu.” Imekwisha. Kuanzia hapo rafiki zake wanamwagizia, wanamtania, watamsindikiza akitaka kuondoka, na atakayemnyooshea mkono anakuwa amevunja undugu. Mwanamke asiye na wa kumtambulisha anakaa na nini? Ndiyo maana nasema mhudumu na mwenye baa wana kazi hapo, kwa sababu yule hana shemeji humo ndani ila wao.

Utani nao. Wazee wetu wa mashambani walikuwa nao, Mnyamwezi anamwambia Mzaramo maneno ambayo mimi nikiyasema nitavunjwa taya, na yule anacheka, anajibu makubwa zaidi, wanakunywa. Lakini utani una mipaka inayojulikana na pande zote mbili. Vijana wa leo wamebaki na ukali wa maneno, nani mtani wa nani hawajui. Anamtania mtu wa kabila lisilo na utani na lake, kisha anashangaa kiti kinakuja. Kijana, uliza kwanza kwao wapi. Ni swali la kawaida tu, na meza nyingi limezifanya ndugu.

Sasa muziki. Madijei mnisikilize bila kununa.

Mwaka 1911 daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, alionyesha jambo ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake: mtu akiwekwa kwenye kelele anapandisha sauti yake bila kujijua. Weka hilo kwenye baa. Umeongeza muziki, meza ya kwanza inapaza sauti, ya pili inaisikia ya kwanza na yenyewe inapaza, mwisho wake wote wanapiga kelele na hakuna anayesikilizana. Itabidi mtu asogee. Atasogeza mdomo sikioni. Ili asogeze mdomo ataweka mkono begani au mgongoni, maana amesimama na anayumba. Hebu niambieni, mkono huo ni wa kusikilizana au una habari nyingine? Aliyewekewa hajui. Aliyeuweka wakati mwingine naye hajui. Mume wake aliyetoka msalani akaukuta, ndiye anayejifanya anajua. Mmewalazimisha watu wasiojuana wakae kwa umbali wa watu wanaojuana, kisha mnampigia simu polisi.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa kiwango kwa kumbi za burudani: sauti isizidi wastani wa desibeli 100, na ukumbi uwe na sehemu tulivu ambapo mtu anaweza kupumzisha masikio. Wao walikuwa wanalinda masikio. Mimi naichukua sehemu tulivu kwa sababu nyingine. Baa yenye kona ambapo watu wawili wanaweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida, ina mahali pa kumpeleka mtu aliyekasirika ambapo si nje ya geti. Masikio yatapona humo humo kwa bei ile ile.

Kuna jambo la mji huu peke yake, nalo lazima niliseme ingawa najua litawachekesha. Sifa yetu ya mahaba. Nchi nzima inaimba kwamba Tanga ni mahaba, kwamba mgeni anayekuja kwa siku moja habanduki, “waja leo, waondoka leo?”, wanatucheka na sisi tunacheka nao. Tunajivunia, na mimi mke wangu ni wa Makorora kwa hiyo sitatoa ushahidi. Ila sifa hiyo inaingia baa kabla ya mgeni mwenyewe. Dereva wa lori kashuka, mtu wa semina katoka hotelini Raskazone, anafika ameshasimuliwa. Anamwona mhudumu anatabasamu. Mhudumu anatabasamu kwa sababu ni kazi yake na kwa sababu alilelewa kumpokea mgeni. Yule anaona ahadi iliyotimia. Anampiga makofi ya kumwita, anamfyonzea midomo, anamshika kiuno akiweka chupa mezani.

Dada, kukushika hivyo ni kosa la jinai. Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinahusu udhalilishaji wa kijinsia, kwa vitendo na hata kwa maneno. Na wewe bosi uliyesimama kaunta ukamwambia mhudumu “mvumilie, ni mteja mkubwa,” umewafundisha watu wote waliokuona. Kumbukeni nilivyosema, nusu saa tu mtu ameshasoma. Wenzake wanne wa meza jirani wamesoma kwamba hapa kiuno kinakwenda na bia. Wiki ijayo usishangae bei imepanda kwa upande huo.

Mkitaka kujua adabu ya baa, angalieni mhudumu anaitwaje. Pale anapoitwa dada, au kwa jina lake kwa sababu limeandikwa kifuani, mikono inatulia. Pale anapoitwa kwa makofi na miluzi, ongezeni baunsa.

Simu. Hili ni jipya na sijalimaliza kichwani. Mwanasosholojia Erving Goffman, mwaka 1963, aliandika kwamba watu wasiojuana wakiwa mahali pa wazi hutazamana mara moja, kiasi cha kuonyesha nimekuona, kisha kila mmoja huondoa macho amwachie mwenzake nafasi. Sisi tunasema anakupotezea. Usiku wa Tanga uliishi kwa hilo. Mwalimu wa watoto wako anacheza chini karibu na sakafu, umemwona, naye kakuona, Jumatatu mnasalimiana shikamoo na marahaba. Yaliyokuwa ya ukumbini yalibaki ukumbini kwa sababu mashahidi walikuwa humo humo na wao pia walikuwa na yao.

Aliyeinua simu anaangalia kwa niaba ya watu ambao hawapo, na hao hawana cha kupoteza. Video inakwenda, asubuhi iko kwa mama mkwe Muheza. Nimeona kwa macho yangu matokeo yake kwenye sakafu ya dansi: wakubwa wanaacha kucheza, wanakaa ukutani na kofia. Wanaobaki katikati ni wale wanaotaka kurekodiwa, na anayetaka kurekodiwa lazima leo azidishe kuliko jana. Tunalalamika kwamba vijana wanacheza vibaya. Wanachezea kamera, watu wazima waliokuwa wanawapunguzia mwendo wamekimbia.

Siwezi kuwaambia mkusanye simu mlangoni, mtapoteza wateja wote kwa siku moja. Lakini mshereheshaji kwenye harusi zetu anaweza kusema mwanzoni, “Jamani, wa kurekodi wamrekodi bibi harusi, wengine tuacheni tufurahi.” Nimesikia ikisemwa mara kadhaa, na watu walipiga makofi. Dijei anaweza kusema hivyo hivyo. Atakayeendelea, meza ya jirani itamnong'oneza.

Bodaboda, yenu ni fupi, maana mnanisubiri nimalize mrudi kazini. Nyinyi ndio mnaofunga usiku wa kila mtu. Mnajua nani amebebwa na nani hakutaka kubebwa. Dada akipanda na mwanamume anamsukuma juu ya kiti, uliza swali moja: “Dada, nakupeleka wapi?” Mwulize yeye, si mwanamume. Asipoweza kujibu, usiondoe pikipiki, mwite baunsa. Hiyo tu.

Ninachoomba wenye kumbi mkijaribu mwezi huu hakigharimu hela nyingi. Taa ya kutosha kwenye njia ya msalani na kwenye geti, maana ndiko mengi yanakotokea na ndiko mlikoweka giza kabisa. Meza zipishane mtu apite bila kugusa mgongo wa mtu. Ofa iulizwe kabla ya kufunguliwa. Mhudumu akikwambia meza fulani haendi tena, usimuulize kwa nini mbele ya wateja, mpeleke mwingine au nenda mwenyewe. Na kila saa moja dijei ashushe muziki kwa nyimbo mbili tatu, watu wakumbuke sauti za wenzao. Mtauza zaidi, maana mtu anayesikia ndiye anayeagiza.

Nimezungumza vya kutosha kwa mtu ambaye siku hizi analala saa tatu. Kipaza sauti sasa naomba kipelekwe kule nyuma walikokaa wahudumu. Mwenyekiti ameniahidi, na wenye baa mliopo mmemsikia, kwamba hakuna atakayekosa zamu yake kesho kwa neno atakalolisema hapa leo. Aanze dada yule mwenye gauni la kijani, maana amenyoosha mkono tangu nilipotaja bili.